Chai katika Jumba la Aldersley

Kwetu Uingereza mtu akitaka kukupa habari mbaya hakuiti sebuleni. Anakupeleka kwenye jumba la kale lenye bustani, anakulipia kiingilio, anakuzungusha mpaka miguu iwake moto, kisha anakuketisha kwenye mgahawa wa palepale na kukununulia chai na keki. Hapo ndipo anakupasulia. Anajua fika kwamba katika migahawa ya namna hiyo hakuna anayethubutu kupandisha sauti. Dada yangu alipewa habari ya talaka yake hivyohivyo. Akasema asante, akamaliza keki.

Kwa hiyo mwanangu Giles aliponipigia simu na kusema, "Mama, Jumapili mimi na Tamsin tunakuchukua twende Aldersley," nilijua kuna jambo. Giles huyuhuyu ambaye kadi yake ya Siku ya Akina Mama hunifikia siku hiyo ikishasahaulika! Nikajiambia, Muriel, amka, hawa wanataka kuuza nyumba yako na kukutupa kwenye makao ya wazee. Nyumba niliyoingia nikiwa bibi harusi, na bustani niliyoilima kwa mikono yangu mwenyewe. Thubutu! Pale nitatoka nimebebwa.

Njia nzima mkwe wangu Tamsin alikuwa mtamu kama asali. Mara kiti changu kiko sawa, mara upepo haunisumbui? Nami nikamjibu kwa habari za mawingu, maana hali ya hewa haijawahi kumgombanisha mtu na mkwewe.

Jumba lenyewe lina vyumba visivyo na idadi. Kila chumba kina kamba ya kukuzuia usiguse viti, na mzee wa kujitolea wa kukuzuia usiguse kamba. Ukutani wametundikwa mabwana wa ukoo ule, nyuso ndefu kama farasi, kila mmoja anakutazama kana kwamba umeingia na viatu vyenye matope. Basi Giles akasimama chini ya ngazi kubwa, akakohoa.

"Hebu fikiria, mama. Mtu kukaa peke yake kwenye nyumba yenye vyumba vitupu."

"Mm," nikasema.

"Na baridi yake!" akadakia Tamsin. "Halafu ukianguka usiku, nani atakusikia?"

Dalili ya mvua ni mawingu. Nikaubana mkoba wangu kwapani, nikaenda zangu bustanini.

Huko mvua yenyewe ikaanza. Hatukurudi ndani, tutarudije na kiingilio tumelipa? Tukatembea kati ya mawaridi, maji yakitutiririka shingoni, tukiambiana jinsi panavyopendeza.

"Hata bustani yako, mama, inataka mikono zaidi ya miwili," Tamsin akasema.

"Mikono hii inatosha, mwanangu. Ndiyo iliyomlea mumeo, ingawa kazi ile haikutoka vizuri sana."

Akacheka kama mtu anayeumwa jino.

Mgahawani tukapanga foleni, tukapata meza dirishani. Giles akaanza kukoroga chai. Akaikoroga, akaikoroga, na wala hakuwa ametia sukari.

"Mama," akasema mwishowe, "kuna jambo. Ni kuhusu nyumba yako."

Nikasimama. Sauti iliyonitoka hata mimi sikuijua.

"Sitoki! Umenisikia, Giles? Nyumba ile ni yangu! Wewe na mkeo hamtaikanyaga nikiwa hai, na nikifa namwachia paka!"

Loo! Mgahawa wote ukaganda. Mama mmoja alibaki na kikombe hewani. Mtu fulani kule nyuma akasema "samahani", sijui alikuwa amekosa nini. Babu wa meza ya jirani akazama kusoma bei za supu, na supu ilikuwa imekwisha.

Tamsin aliinamisha kichwa, machozi yakadondokea keki. Giles akachukua koti lake.

"Basi, Tamsin. Twende."

"Kaa chini," nikasema. "Kwanza niambie, mlitaka kunipeleka makao gani?"

"Makao?"

"Ya wazee! Unadhani mimi mtoto?"

Akanitazama kama mtu aliyepotea njia. "Mama, kiwanda kilifungwa tangu Pasaka. Sina kazi. Na mwenye nyumba anaitaka nyumba yake, tunatakiwa tutoke mwisho wa mwezi. Tulitaka kukuomba chumba."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilikaa.

"Tangu Pasaka! Mbona hukuniambia? Mimi nani yako?"

"Niliogopa," akasema.

"Uliogopa nini?"

"Wewe, mama."

Aliyasema taratibu, bila hasira, na ndiyo maana yaliniuma. Niliona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakawaka. Mtoto wangu wa kumzaa amekaa miezi na shida yake kifuani, anatafuta pa kuniombea chumba ambacho mimi mwenyewe sikitumii.

Matusi nilikuwa nimeyatoa kwa sauti, watu wote wakasikia. Basi na hili nikalisema kwa sauti ileile.

"Mje, Giles. Wewe na mkeo. Mje wiki hii."

Babu wa supu akaacha kusoma.

"Una hakika, mama?" Giles akauliza.

"Sina," nikasema. "Sina hakika hata kidogo. Lakini mje."