Tone Juu ya Pasi ya Moto

Loveday Uren alikuwa na njia moja tu ya kujua kama pasi imepata moto: aliitemea mate. Wapo wanawake wa kijiji chake cha Trevanna waliojifanya wana adabu, wakachovya kidole kwenye bakuli na kunyunyiza. Yeye alitema, tena kwa sauti, hata kama shati lililokuwa mezani lilikuwa la Kepteni mwenyewe. Tone likitulia na kulia chiii, pasi iko sawa. Likijiviringa kama shanga na kukimbia huku na huko bila kulia wala kukauka, pasi imezidi moto. Iweke pembeni ingoje, ama sivyo utaunguza kola ya mtu.

Kazi hiyo ya kuwapigia watu pasi aliianza baada ya kufiwa na mumewe. Pascoe Uren alikuwa mchochea moto wa injini ya kuvuta maji katika mgodi wa Wheal Jenifer. Asubuhi moja boila ilipasuka, ikaondoka na paa, ukuta na Pascoe. Walipomwokota alikuwa bado ameshika mpini wa reki, na makaa yote yalikuwa yametapakaa sakafuni. Maana yake moto alikuwa ameshautoa. Na hilo ndilo agizo analofundishwa kila mchochea moto wa Cornwall kabla hajakabidhiwa beleshi: ukiona maji yamepungua, ukiona boila haieleweki, komba moto wote utoke nje. Pascoe aliukomba. Boila ikapasuka vilevile.

Wachache walisema ni vibwengo wa mgodini, wale wanaogonga-gonga kwenye mawe, kwamba walikuwa hawajaachiwa kipande chao cha pasti, ile sambusa kubwa ya wachimbaji. Wengi hawakuhitaji vibwengo. Walikuwa na jibu fupi zaidi: alichelewa. Angeukomba mapema angepona. Wakalisema kaburini, wakalisema kisimani, wakalisema kanisani kwa sauti ya chini ile inayosikika mpaka benchi la mwisho.

Jirani yake Grace Nancarrow alilisema tena siku moja, alipokuja kuomba wanga.

"Nasikia shemeji yako leo anamwonyesha Kepteni lile dude lake," alisema, macho yakiwa kwenye bakuli. "Eti halina boila. Sasa mvuke utatokea wapi, puani?"

"Twende ukaone."

"Niende nikafe? Nyie akina Uren na moto hampatani. Usininunie, mwenzangu, ukweli hautiwi wanga. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Yule bwana alichelewa, tumwombee tu."

"Grace," Loveday alisema, "toka kwangu kabla hii pasi haijapata kazi nyingine."

Grace alitoka, lakini na wanga wake.

Loveday alibaki ameduwaa juu ya kola. Tusi lilimuuma, ndiyo, ila kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na la kujibu. Kama mume wake alichelewa, mbona moto ulikuwa nje? Na kama moto ulikuwa nje, boila ilipasuliwa na nini? Alimuuliza mhubiri, akaambiwa ni mapenzi ya Mungu. Alimuuliza Kepteni, akaambiwa, "Alichelewa, dada." Swali lilikuwa limekaa kifuani mwake muda wote huo kama mfupa wa samaki. Akazitoa pasi motoni, akavaa shali, akashika njia ya kwenda kwa mhunzi.

Mhunzi ndiye Digory, mdogo wake Pascoe, mtu mrefu asiye na nyusi. Zilikuwa zikiungua kabla hazijamaliza kuota. Tangu msiba alikuwa ameapa kutengeneza injini isiyoweza kuua mchochea moto. Kilichokuwa ndani ya tanuri lake kilifanana na chungu: pande la chuma nene lenye uwazi katikati, mdomo wake ukizibwa kwa kizibo cha kuskurubu, kijibomba cha maji kikiingia upande mmoja na bomba la mvuke likitokea upande wa pili.

Kepteni Hannibal Trevorrow alikuwa ameshafika. Meli hakuwahi kupanda huyo, na hata mashua ya kuvulia dagaa ilimtapisha. Ukepteni wake ulikuwa wa mgodi. Alikaa juu ya fuawe, kofia yake ngumu ya mgodini kichwani, anatafuna pasti yake.

"Haya, Digory. Boila umeificha wapi?"

"Haipo, Kepteni."

"Hebu sogea." Akainuka, akazunguka nyuma ya tanuri, akachungulia chini ya benchi, akainua hata gunia la makaa. Loveday alitaka kucheka. "Maji unayo wapi?"

"Hiyo ndoo tu. Boila ni mtu anayeweka akiba ya hasira. Siku hasira zikitoka, zinatoka zote. Hiki changu hakiweki akiba. Nakipa funda moja, linageuka mvuke papo hapo, linasukuma pistoni, limekwisha. Kisha funda jingine."

"Shemeji yangu ana maneno," Loveday alisema.

"Ana maneno, ndiyo," Kepteni alisema. "Tuone vitendo."

Digory akasukuma pampu ndogo ya mkono. Chungu kikaguna, pistoni ikaruka, gurudumu likazunguka. Akasukuma tena, likazunguka tena, mpaka likashika mwendo wake, na jiwe lililofungwa kwenye kamba likapanda hadi darini. Kepteni aliacha kutafuna. Alisogeza uso karibu na bomba, akarudi nyuma, akasogea tena. Alikuwa mzee wa miaka sitini na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyeona mazingaombwe. Loveday alimpenda kidogo kwa hilo, pamoja na yote.

"Kitaweza pipa la mawe?" Kepteni aliuliza.

"Kikipata moto zaidi."

"Basi kipe."

Wakalifunga pipa. Digory akavuta mvukuto mpaka tanuri likavuma, na chungu, ambacho kilikuwa cheusi, kikaanza kuiva. Kikawa chekundu, kisha chekundu kama chuma kinachongoja nyundo. Digory akasukuma maji. Gurudumu likasogea kivivu. Akasukuma mara mbili, mara tatu, akaegemea pampu kwa kifua. Maji yaliingia, nguvu haikutoka. Gurudumu likasimama na pipa halijaacha ardhi.

"Moto umezidi, nguvu imepungua," Kepteni alisema. "Umevumbua injini inayochoka, Digory. Tunao wanaume wa kazi hiyo."

Digory alifuta uso. Jasho lilimtiririka. "Maji yanakwenda wapi?" alijiuliza. "Nusu ndoo nimetia." Akachukua spana ndefu, akakilegeza kizibo kidogo kidogo, amegeuza uso pembeni. Kulitoka pumzi tu, nyembamba, si zaidi ya ile ya birika. Akakitoa kizima, akachungulia kwenye tundu.

"Njooni muone hiki," alisema. "Mimi sielewi."

Kepteni aliona, akasema naye haelewi. Loveday alisubiri wanaume watosheke, kisha akainama.

Ndani ya chuma chekundu maji yalikuwepo, tele, wala hayakuchemka. Yalikuwa yamejikusanya bonge moja, kingo zake zimeviringika, yanatetemeka na kuteleza huku na huko bila sauti, kama vile hayataki kugusa yalipokalia. Alishangaa kwa muda, halafu hakushangaa tena. Maana lile bonge alikuwa akilijua. Alikuwa akilitema kila siku.

"Sipendi," Kepteni alisema nyuma yake. "Chuma chekundu na maji ndani. Toa moto, Digory. Ukombe wote, sasa hivi."

Digory akashika reki.

Loveday alipomwona Uren mwingine na reki mkononi, miguu yake iliamua kabla ya kichwa. Alijikuta amesimama mbele ya mlango wa tanuri, sketi yake inaanza kunuka kuungua.

"Usiuguse!"

"Shemeji, ondoka hapo!"

"Huo moto usiuguse, nakwambia. Vuta mvukuto."

"Mwanamke huyu amepata wazimu," Kepteni alifoka. "Moto unatolewa! Ndiyo sheria tangu enzi za baba zetu!"

"Na aliyeifuata yuko wapi?"

Loveday akasema haraka, maneno yakigongana. "Digory, sikiliza. Pasi ikizidi moto, tone linacheza. Linacheza tu, halikauki. Nikiiacha motoni linacheza mpaka linakonda lenyewe. Lakini nikiiweka pembeni ipoe, halichezi tena. Linaigusa pasi, na hapo ndipo linapiga kelele, lote kwa mara moja. Hilo ni tone. Humo ndani una nusu ndoo."

Digory alitazama chungu, akatazama lile tundu lisilozidi kidole gumba. Akaiangusha reki kama imemuuma.

"Hata mimi ninaliona kila siku," alisema polepole. "Chuma chekundu nikikichovya. Kwanza maji yanakikwepa. Kelele zinakuja baadaye, kikianza kupoa." Akaurukia mvukuto. "Kepteni, nenda nje."

Kepteni alienda nje. Lakini udadisi ni ugonjwa, na yeye alikuwa nao kwa miaka mingi. Kila kitambo kofia ilitokeza mlangoni. "Bado?" "Bado." Digory alivuta mvukuto, Loveday akapokea alipochoka, na kwenye tundu pumzi ile nyembamba ikaendelea kutoka bila haraka hata kidogo. Waliogopa sana, na hakuna aliyejifanya haogopi. Mwishowe Digory aliingiza waya mrefu tunduni, akautoa mkavu. Ndipo wakauacha moto ulale.

Kepteni aliingia, akakaa kwenye fuawe. "Sasa nitajuaje kama umetuokoa au umetuunguzia makaa bure?"

Lilikuwa swali la haki, na Loveday mwenyewe alitaka jibu kuliko yeye.

Digory alikuwa na chupa ndogo ya chuma, nene, ya kutilia mafuta. Akaiweka motoni mpaka ikawa nyekundu, akaishika kwa koleo, akatia kijiko kimoja cha maji, akakandamiza kizibo cha mti mdomoni, kisha akairudisha kwenye makaa. Wakangoja. Hakuna kitu.

"Imekuwa bubu," Kepteni alisema.

"Sasa itoe motoni," Loveday alisema.

Digory akaiweka juu ya jiwe baridi. Wekundu ukaanza kufifia, kwanza shingoni, kisha tumboni. Kepteni akainama aone vizuri. Paa! Kizibo kilitoboa kofia yake na kuiangusha, kikapiga kioo cha dirisha, vipande vikamwagika nje.

Kepteni alijipapasa kichwa. Kisha akaangua kicheko, kofia akaiokota na kulitia kidole tundu lake. "Tena!" alisema. "Hebu tena, Digory, lakini elekeza ukutani." Wakafanya tena. Motoni kimya, nje ya moto paa. Mara ya tatu aliomba afanye mwenyewe, akaitoa chupa kwa mkono wake, na kizibo kilipopiga ukuta hakucheka. Alikaa na koleo mapajani.

"Mama yangu alijaribu hivyohivyo bamba la kuokea mikate ya zafarani," alisema. "Nilikuwa nakaa miguuni pake nayatazama matone yakikimbia."

Akaliweka koleo chini.

"Asubuhi ile," aliendelea, "maji ya boila yalikuwa yameshuka chini sana. Chuma kilishaiva. Waliokuwa zamu juu walisema maji mapya yalifunguliwa, na injini badala ya kupata nguvu ikalegea. Ikalegea, kama hii. Nami nilidhani wanatafuta kisingizio."

"Halafu akaukomba moto," Loveday alisema.

"Halafu akaukomba moto."

Wenye elimu ya mashine huko mijini wanabishana mpaka leo boila hupasuka kwa sababu gani, na pengine kila moja hupasuka kwa sababu yake. Wabishane. Ndani ya karakana ile watu watatu walikuwa wameshaelewa.

"Kwa hiyo hakuchelewa," Kepteni alisema.

"Angechelewa angekuwa hai." Loveday alisema. Jibu alilolitafuta siku zote hizo lilikuwa limekuja, na lilikuwa chungu kuliko swali. Pascoe angekuwa mvivu, angekuwa mwoga, angeitupa reki akakimbilia mlangoni, jioni angekula chakula chake. Alikufa kwa kuwa mtu wa kazi. "Aliwahi, Kepteni. Aliwahi."

Kepteni aliivua kofia yake iliyotoboka, akaishika mbele ya tumbo kama watu wanavyofanya kaburini. "Jumapili zamu ya kuhubiri mimbarini ni yangu," alisema. "Nitasimama nitasema. Na wachochea moto nitawaambia... sijui nitawaambia nini, dada. Nifundishe."

"Mimi najua pasi tu," Loveday alisema. "Njooni wewe na Digory tutafute pamoja."

Aliporudi nyumbani alimkuta Grace mlangoni, shingo ndefu.

"Haya, limepasuka? Nimesikia mlio."

"Ingia ndani."

Loveday aliipasha pasi mpaka ikapitiliza. Akaitoa, akaitemea mate. Tone likajiviringa, likaanza kukimbia. "Tazama hapo," alisema. "Usinitazame mimi." Grace alitazama. Tone lilicheza na kucheza juu ya pasi iliyokuwa ikipoa, na Loveday akamweleza taratibu maji ya boila, chuma chekundu, reki, makaa sakafuni. Alipofika kwenye makaa, tone lilishika chuma, likalia chiii, na Grace akaruka.

Alikaa kitako kwenye kiti cha Pascoe, ambacho hakuwahi kukikalia.

"Kumbe," alisema. Kisha akasema tena, kwa sauti ndogo isiyo yake, "Kumbe yule kaka aliwahi."

Jumapili ilikuwa bado mbali, ila habari haikuhitaji kuisubiri. Grace Nancarrow alishavaa shali. Loveday alimsikia akibisha mlango wa nyumba ya kwanza, kisha wa pili, akiisema ile habari kwa nguvu zilezile alizosemea ya kwanza. Yeye akashika kola ya Kepteni, akalia, akaendelea kupiga pasi.