Sanjari kwenye Ngazi

Tangu asubuhi mzee alikuwa akivuta pumzi kama mtu anayekokota gogo, na lifti ya jengo ilikwisha kufa zamani. Ghorofa ya nne. Gari la wagonjwa lilikuwa chini, lakini machela ilikataa kukata kona za zile ngazi. Ikabidi ashushwe kwa kiti, na wa kumshusha ni wanawe wawili, waliokuwa hawasemezani tangu mkubwa alipomwita mdogo wake kibarua mbele ya wateja.

Kazi yenyewe walikuwa wanaiweza. Mzee aliwalea kwa kuhamisha vyombo vya watu, makabati na majokofu, na sheria yake ilikuwa moja tu: aliye chini ndiye mwenye amri, maana mzigo unamlalia yeye. Siku hiyo mdogo ndiye alikuwa chini. Kaka mtu akashika mgongo wa kiti, akaona kuamrishwa na mtoto ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni ni kuvuliwa nguo hadharani. Akainua kabla hajaambiwa. Kiti kikayumba, bega la mzee likagonga ukuta.

Mzee akawasimamisha kwa kidole.

"Kabati la watu mnalishusha bila mkwaruzo," akasema, "mimi baba yenu ndiyo mnanivunja?"

Mdogo akacheka huku machozi yakimlengalenga. Mkubwa hakucheka.

Kisha mzee akawauliza kama wanajua neno lao la kazini lilitoka wapi. Kila mzigo waliuinua kwa "sanjari," na hakuna aliyewahi kuuliza. Akawaeleza kwa vipande, akipumzika kila baada ya maneno mawili matatu. Alilipata kwa msimamizi wake wa kwanza, mtu wa bandarini. Huko, alivyosimuliwa, lilikuwa neno la vyombo vinavyosafiri pamoja, na chombo chepesi kilipunguza mwendo kwa ajili ya kile kizito. Watu husema ni mambo kutokea kwa wakati mmoja. Sawa, lakini wakati mmoja hauji wenyewe.

"Lazima mtu amngoje mwenzake," akasema.

Mkubwa akashika upya mgongo wa kiti.

"Haya, mdogo wangu. Sema wewe."

"Sanjari," mdogo akasema, na kiti kikashuka ngazi moja bila kelele. Wakaenda hivyo, neno na hatua, neno na hatua.

Walipoipita ghorofa ya kwanza, kichwa cha mzee kikamwangukia mkubwa mkononi. Akainama, akasikiliza. Pumzi hakuna. Baba yao alikuwa amekwenda zake. Akafungua kinywa, akaona magoti ya mdogo wake yanavyotetemeka chini ya uzito wote ule, akakifunga.

"Sanjari," mdogo akasema.

Mkubwa akashuka. Na tena. Jasho lilimwingia machoni likachanganyika na machozi, na mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Ngazi zilipoisha mdogo akainua uso.

"Mbona mzee kimya? Amelala?"

"Tuweke chini kwanza," mkubwa akasema. "Tukishaweka nitakwambia."

Mdogo akamtazama usoni, akaelewa, midomo ikamcheza. Mkubwa akakaza mikono, akangoja aambiwe "sanjari."