Aliyezima Mtambo

Nyumba ya mtambo wa umeme pale Biharamulo ilijengwa kwa matofali ya kujitolea, na Pancras aliyabeba kichwani kama wenzake kabla hajapewa ufunguo wake. Basi tangu apewe ufunguo, watu hatukupumua! Vita ya Kagera ilipoanza agizo likatoka: ikisikika ndege, mtambo uzimwe, mji uwe giza. Pancras akatamba kilabuni, "Nikiwepo mimi, adui atapita juu akidhani hapa ni pori." Debe tupu, jamani.

Jioni moja, giza ndiyo kwanza linaingia, ndege ikasikika upande wa Runazi. Lo! Pancras huyo, miguu niponye, hadi shamba la mihogo. Mtambo ukabaki ukinguruma, na mji wote unawaka, boma, hospitali, maduka, utadhani kuna harusi. Akiwa amelala kifudifudi kwenye mihogo, akaona taa zote zinazimika mara moja. Ndege ikapita zake. Wala haikuwa ya adui.

Aliporudi alimkuta mkewe, Marsiana, mlangoni pa mtambo, mikono imejaa mafuta ya mashine. Kila alipompelekea chakula alikuwa akimwona anavyouzima.

Kesho yake mkutanoni mwenyekiti, mzee Malongo, akapaza sauti: "Ndugu Pancras, simama wakuone! Huyu ndiye aliyetuokoa!" Makofi, vigelegele. Sasa sema, mwanaume! Neno moja tu: si mimi, ni mke wangu. Pancras akafungua kinywa, akawaona wakwe zake wamekaa mbele, akasema, "Nilitimiza wajibu tu." Aibu ikampanda mpaka masikioni. Na Marsiana alikuwa akipiga makofi pamoja na wanawake wenzake.

Nyumbani alimnawisha mikono kama siku zote. Pancras akamega tonge la ugali, akalirudisha sahanini. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko. Wangekuja kukitafuta kicheko hicho kwa Pancras siku ile, wasingekiona.

"Mama Audax, kwa nini hukuwaambia?"

"Niwaambie nini?"

"Kwamba nilikimbia. Kwamba wewe ndiye uliyeuokoa mji."

Marsiana akaweka chini kata ya maji, akamtazama kwa mshangao.

"Mji? Sikuja kwa ajili ya mji, Baba Audax. Nilisikia ndege iko juu na mtambo bado unanguruma. Nikajua ungekuwa hai ungeuzima. Nilikuja kuuchukua mwili wako."