Kikohozi cha Aya ya Sita

Mume wangu ni fundi spika, na aliamini kwa dhati kwamba uzuri wa kisomo uko kwenye kitufe cha mwangwi. Spika za msikiti alizifunga yeye bila malipo, kwa hiyo kila paliposomwa kitu mtaani, kipaza sauti kilimfuata yeye. Nani amkosoe? Ukimkosoa, wiki ijayo spika zinakoroma na fundi hapatikani kwenye simu. Akiwa hayupo, mimi na binti yetu tulimwita Mwangwi.

Alijifunza kwenye simu, kwa msomaji mmoja wa zamani, sura moja hiyohiyo, miaka miwili, huku akichomea nyaya karakanani. Sauti anayo, sitamnyima haki yake. Lakini alivuta pa kukata, akakata pa kuvuta, na pumzi ikimwishia alitua popote, hata katikati ya neno.

Mimi nilisoma tajwidi, kanuni za kuisoma Kurani, kwa muuguzi mmoja mstaafu, alasiri tatu kwa wiki, wanawake tisa kwenye mkeka. Miezi minne mizima tulikuwa kwenye Fatiha tu. Ukikosea herufi anagonga penseli mezani, unarudi mwanzo. Mume wangu alicheka mpaka akashika mbavu.

"Miezi minne, aya saba! Mama watoto, hata kobe angekuwa amefika."

"Kobe anajua anakokwenda," nikamjibu.

Kisha binti yetu akachumbiwa, na baba wa mchumba akawa nani? Mwalimu wa tajwidi wa miaka thelathini. Binti alinifuata jikoni macho mekundu.

"Mama, baba akisoma siku ya ndoa mimi uso nitauweka wapi? Mwambie amwachie mtu mwingine."

"Mwambie wewe."

"Siwezi. Ameshaanza kumwambia kila mteja."

Mimi pia sikumwambia. Nilimwalika mwalimu wangu, yule muuguzi, chai, nikamdokeza mume kwamba mgeni angependa kumsikia. Alifurahi kama mtoto. Akaleta spika mbili sebuleni, na mwalimu akamwomba, kwa adabu, azizime.

Akasoma sura yake ileile. Penseli ya mwalimu ilikaa kimya, maana hakujua aanzie wapi kugonga. Mwisho wa aya ya sita mume wangu akakohoa, kikohozi kifupi, cha heshima, mara mbili.

"Pole, baba. Uletewe maji?" mwalimu akauliza.

"La, siumwi."

"Mbona umekohoa?"

"Ndivyo inavyosomwa."

Mwalimu alinitazama. Mimi nilitazama dari. Mume wangu akatoa simu, akaiweka mezani kama wakili mwenye ushahidi, akamfungulia yule msomaji wake. Aya ya sita ikafika, na kweli, msomaji akakohoa mara mbili.

"Nimewafundisha na wenzangu watatu," akasema. "Muuza mkaa ndiye anayekipatia zaidi."

"Baba," mwalimu akasema polepole, "huyu bwana siku hiyo alikuwa na mafua."

Nilikimbilia jikoni nikacheka hadi machozi. Miezi minne ya kobe ilikuwa imelipwa. Niliporudi mwalimu ameshaaga, na mume wangu ameketi akiitazama simu iliyozimwa. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira, maana nilijiona mbaya.

Asubuhi, kabla hajafungua karakana, akaja kuketi mbele yangu. "Zimebaki siku kumi na moja," akasema. "Nirudishe kwenye Fatiha."

Nilikosa penseli, nikagonga kwa mwiko. Nakiri kwamba siku ya kwanza niligonga zaidi ya ilivyostahili. Siku ya tano nilikuwa nagonga panapostahili tu, na bado mkono uliniuma.

Siku ya ndoa aliacha spika zake karakanani. Alisoma Fatiha na aya tatu fupi, taratibu, akitua pa kutua, bila madoido. Sisi tulikuwa chumba cha wanawake, na binti alinibana kiganja mpaka vidole vikafa ganzi. Baba wa bwana harusi, nilisimuliwa baadaye, alifumba macho kusikiliza na hakusema neno. Wengine walisema. Muuza mkaa alisikika mpaka kwetu: "Leo mzee kaharibu! Sauti imekwenda wapi? Hata kukohoa hakukohoa!" Wakacheka, na jirani akaongeza kwamba uzee umebisha hodi.

Mume wangu aliyasikia yote. Mtu huyu aliyeishi kwa sifa za mtaa alinifuata jikoni na sahani yake, akasimama karibu nami akinong'ona.

"Nilikosea?"

Nilitaka kumwambia hapana. Siku ile nilitaka kumpa chochote.

"Mara moja. Aya ya pili, ulikata mapema."

Akairudia palepale, sahani mkononi, wageni wakimpita.

"Tena," nikasema.

Akarudia.