Jiwe Linalojua Kuwa Linachukiwa

Mwalimu Josephina alipotangaza asubuhi mstarini kwamba shule imeruhusiwa kupendekeza jina la jiwe la angani, hakujua kuwa kufikia saa ya chai nusu ya kata ya Murungu itajifanya ndugu wa jiwe hilo. Miaka michache nyuma wanafunzi wake wa fizikia waliliona kwenye picha za darubini zilizotumwa kwa intaneti: kidoa cheupe kinachohama, vingine vyote vimetulia. Wakaripoti, wakacheka, wakasahau. Wenye darubini hawakusahau.

Wa kwanza kufika alikuwa diwani, mheshimiwa Leonidasi, na kreti ya soda. Alitaka jiwe liitwe Leonidasi, kwa maendeleo ya kata. Josephina akamsomea masharti: jina la mwanasiasa halikubaliwi mpaka awe amekufa na miaka mia ipite. Diwani alilitafakari sharti hilo kwa umakini ambao bajeti ya kata haijawahi kuuona, kisha akauliza kama haliwezi kulegezwa kidogo.

"Tulegeze upande wa miaka au upande wa kufa, mheshimiwa?"

Aliondoka na kreti yake.

Ukweli ni kwamba Josephina alikuwa na jina lake moyoni. Kabla yake mama yake alizaa binti, akamwita Keza, yaani mzuri. Malaria ikamchukua hata shule hajaanza. Josephina alilijua jina hilo kwa shangazi tu, maana mama hakuwahi kulitamka. Yeye alipozaliwa, mama alifanya kama walivyofanya wazee wengi wa Buha waliofiwa na watoto: akampa jina baya, ili kifo kikipita kimwone si kitu. Nzikobanyanka, yaani najua wananichukia. Kazini alijiandika Josephina N., na mwanafunzi aliyeuliza hiyo N ni ya nini alipewa zoezi la ziada. Alichotaka ni dada yake awe na mahali ambapo jina lake litasomwa. Kaburi lenyewe lilishapandwa mihogo.

Kabla hajatuma, redio ikaharibu mambo. Wataalamu walisema upo uwezekano mdogo sana, mdogo wa kuchekesha, kwamba jiwe lile litaigonga dunia mwaka 2071. Redio ilisema yote hayo. Wasikilizaji wakabeba "litaigonga" na kuacha mengine hewani. Sokoni Kibondo watu wakaulizana kama kuna haja ya kupanda maharage. Mzee Reverien, Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Nduta, alisema yeye kukimbia ameshazoea, aambiwe tu safari hii mpaka uko upande gani.

Diwani aliitisha mkutano wa wazazi ili ajitoe. "Ieleweke kwamba mimi na hilo jiwe hatuna undugu," alisema, akapendekeza lipewe jina la mpinzani wake. Josephina akaeleza kwamba uwezekano ni mdogo, tena 2071 iko mbali.

"Mwaka huo nitakuwa marehemu," diwani alijibu. "Unataka marehemu atukanwe, mwalimu?"

Josephina alipolitaja jina la Keza, mama mmoja alisimama na mtoto mgongoni. "Uzuri gani huo wa kuua watu?" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Josephina alikaa chini amefura kwa hasira, na chini ya hasira kulikuwa na uchungu ambao hakuna aliyeujua.

Jumamosi alipanda basi kwenda Kasulu. Mama yake alikuwa barazani anachambua maharage, vijiwe anavirusha uani.

"Mama, lile jiwe nilitaka kulipa jina la dada."

Mikono ya mama ilisimama juu ya ungo. "Usithubutu."

"Ni heshima, mama. Litadumu."

"Yule nilimpa jina zuri. Kila aliyepita njiani alimsifu, homa nayo ikasikia, ikaja. Jina zuri linaita, mwana wanje. Wewe nilikupa jina baya mpaka nesi wa zahanati akanigombeza, na leo uko hapa unanimalizia ndizi. Lipe lako. Anayejua anachukiwa haingii uani kwa watu."

"Jiwe halisikii, mama."

"Na kifo kina masikio, wewe mwalimu?"

Josephina akachukua ndizi nyingine. Baadaye akauliza, taratibu, "Lakini mbona hata wewe humtaji?"

"Naogopa," mama alisema. "Nikimwita yule, kifo kitakumbuka kwamba bado nina mwingine. Kitarudi."

Jumatatu Josephina alituma jina: Nzikobanyanka, herufi zote, na maana yake chini. Likakubaliwa. Baada ya miezi kadhaa wataalamu walipima upya wakatangaza kwamba jiwe litapita mbali kabisa, 2071 na baada ya hapo. Diwani Leonidasi aliwaambia wananchi kuwa suala hilo amelishughulikia mwenyewe.

Josephina alikwenda Kasulu kumweleza mama vizuri, asije akachanganya sayansi na mambo mengine. Alimkuta anapakua ugali mchana, akaketi mkekani, akaanza kula. Alimweleza kwamba jiwe halikukwepa chochote, njia yake ni ile ile tangu zamani, ila sasa vipimo vimekuwa bora. Mama alisikiliza kwa adabu, kama anavyowasikiliza wageni wa serikali.

"Linakuja au haliji?"

"Haliji."

"Basi jina lako lina nguvu kuliko nilivyodhani. Kama limefukuza jiwe, litakulinda hata nikimtaja yule."

Akaweka mwiko chini. Akasimama mlangoni, akavuta pumzi, akaita kwa sauti ile ya kumwita mtoto aliyenogewa na michezo aje kula.

"Keza! Keza wee!"

Jirani alichungulia juu ya ua. "Unamwita nani, mama Josephina?"

"Binti yangu mkubwa."

Josephina alikuwa na sentensi nzima ya fizikia mdomoni. Ilimshinda. Alilia pale pale mkekani, mikono imejaa ugali, na mama hakugeuka kumtazama, kwa kuwa alikuwa bado anaita.