Ndoa ya Banda la Farasi

Murdo alikuwa mtunza farasi wa kasri la Glenarvie, na alikuwa mwongo.

Katika Uskoti ya siku zile, kuoana hakukudai kasisi. Mnatamkiana mbele ya mashahidi wawili, basi, mke na mume. Ninian, mtoto pekee wa lodi, bwana mwenye kasri, alimuoa Elspet mkamua ng'ombe hivyo hivyo, bandani, farasi wakitafuna. Shahidi mmoja mpishi mzee, wa pili Murdo, mlangoni nyuma yao. Mpishi akafa kwa kichomi. Ninian akazama mtoni. Lodi naye akafuata, cheo kikabaki hakina mwenyewe.

Wakili akaja kutoka Edinburgh kuuliza: kichanga cha kike cha Elspet ni cha ndoa? Maana cheo cha Glenarvie hata binti anarithi.

"Sikusikia kitu," Murdo alijibu. "Nilikuwa nje."

Kisa? Alimtaka Elspet. Mjane wa mtoto wa lodi angemtazama wapi mtu anayenuka mavi ya farasi?

Miezi saba ikapita. Asubuhi ya kikao cha mwisho, Elspet akamkuta jikoni anakunywa uji wa shayiri.

"Mbona umejikunyata kama kondoo kanyeshewa? Leo wanampa Lachlan, binamu wa Ninian, hicho cheo, yaishe. Mimi sikulaumu, Murdo. Hukusikia, hukusikia." Akampakatisha mtoto. "Na lile uliloniuliza Jumapili, nimekubali. Ila uoge kwanza."

Akacheka. Murdo akasukuma bakuli. Si ndicho alichokitaka? Mbona kinamchoma hivi?

Akamrudishia mtoto, akatoka mbio mpaka ukumbini kwenye kikao, Elspet nyuma yake: "We Murdo, una wazimu?"

Lachlan alikuwa kesharamba midomo. "Nani kamruhusu huyu na matope yake?"

"Niliwasikia," Murdo akasema. "Nilisimama mlangoni, nyuma yao. Ninian alisema, 'Wewe ni mke wangu.' Elspet akajibu, 'Na wewe mume wangu.' Hata neno moja halikunipita."

"Kalewa huyo!"

Wakili hata hakumgeukia Lachlan. "Sasa mimi ulinidanganya kwa nini?"

"Nilimtaka mimi mwenyewe."

Elspet akamkumbatia mtoto kwa nguvu.

"Miezi saba wanamwita mwanangu mwanaharamu," akasema. "Na wewe ulikuwa unambembeleza."

"Elspet..."

"Usiniite."

Akampa mgongo. Wakili akachovya kalamu, akamwambia Murdo aanze upya, polepole. Akaanza.