Viti vya Phoebe

Habari ilifika Malava kabla ya mgeni: karani wa shirika fulani angepita nyumba kwa nyumba kupima nani, akiangushwa na shida, anaweza kuinuka. Kisha mitamba wa maziwa wangegawiwa. Awinja alikuwa ameanguka kwelikweli. Mumewe alizikwa Januari, ng'ombe wake wa pekee akauzwa kulipa hospitali, ikabaki kamba ukutani. Alimtaka mtamba huyo hadi usingizi ukamkimbia.

Lakini mgeni haketishwi kwenye gogo. Tena nani atampa ng'ombe mtu aliyeshindwa hata na kiti? Awinja akaenda kwa jirani yake Phoebe, akaazima viti vinne vya mito, thamosi na redio. Phoebe, kwa roho yake safi, akaongeza jogoo.

Karani Cornelius alikula ingokho, yule jogoo wa Phoebe, mpaka akalegeza mshipi, ndipo akafungua fomu.

"Mama, viti hivi ni vyako?"

"Ni vyangu."

"Redio?"

"Tunasikizanga habari kila siku."

"Shida ikikupata, unakimbilia nani?"

"Mimi najisimamianga."

Karani akaandika kwa furaha, akavuka ua. Awinja alimsikia akimuuliza Phoebe viti viko wapi. Phoebe, asije akamwaibisha rafiki yake, alijibu kwamba hakuwahi kuwa navyo.

Jioni ile Awinja alirudisha vitu vyote. Ndani ya thamosi alitia majani ya chai, kwa sababu chombo cha jirani hakirudi kitupu.

Wiki mbili baadaye matokeo yalisomwa kwenye baraza la chifu. Awinja, alama themanini na moja kwa mia: atainuka bila msaada. Watu wakampigia makofi. Phoebe, alama kumi na tatu: apewe mtamba, upesi.

Awinja naye akapiga makofi, angefanyaje? Moyo ulimuuma. Hakuwa na wa kumlaumu ila ulimi wake mwenyewe, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jua likielekea kuzama, Phoebe alisimama mlangoni, ameshika leso iliyofungwa shingoni mwa mtamba. Hakuweza kumtazama Awinja usoni.

"Mulembe, dada. Niliwaambia wamekosea. Wakasema fomu haikosei."

"Mulembe. Sasa unataka nini?"

"Sina kamba."

Awinja akaitungua kamba ukutani, akapangusa vumbi, akaifunga shingoni mwa mtamba kwa mikono yake.

"Ukiirudisha," alisema, "usiirudishe tupu."